Wageni Wakishaondoka: Nyumba na Viwanja vya Mashindano Makubwa Hutumikaje?

Mashindano makubwa ya kimataifa ya michezo huchukua wiki mbili hadi tano. Majengo yanayojengwa kwa ajili yake hukaa miaka 50 au zaidi. Ndiyo maana swali la jinsi majengo hayo yatakavyotumika baadaye linawahusu wakazi kuliko wachezaji. Wageni hurudi kwao. Mwenyeji hubaki na uwanja, nyumba, barabara na gharama za kuvitunza.

Wakati huu swali hilo limefika mlangoni mwa wakazi wa Nairobi. Mnamo Septemba 2023, Shirikisho la Soka Barani Afrika, CAF, liliipa Kenya, Uganda na Tanzania idhini ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, yaani AFCON. Agosti 2025, nchi hizo tatu ziliandaa mashindano ya CHAN, na fainali ikachezwa Kasarani. Kando ya Barabara ya Ngong kumeanzishwa ujenzi wa Uwanja wa Talanta, wenye nafasi ya watazamaji 60,000, kwa ajili ya AFCON.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Makala haya yanaeleza miji mingine ilivyofanya ili mwenyeji apone kweli, mahali ilipokosea, na yale ambayo mkazi wa kaunti anaweza kuuliza mapema.

Kijiji cha wanamichezo hugeuzwaje kuwa mtaa?

Mashindano kama Olimpiki na Michezo ya Jumuiya ya Madola huhitaji kijiji cha wanamichezo, yaani mahali pamoja ambapo maelfu ya wachezaji, makocha na maafisa hulala, hula na kutibiwa. Mahitaji yao si sawa na ya familia. Mwanamichezo anahitaji kitanda, bafu na usalama. Hahitaji jikoni, kwa sababu wote hula katika ukumbi mmoja mkubwa. Hahitaji shule wala duka la mboga.

Kwa hivyo miji iliyopanga vizuri huchora nyumba ya familia kwanza, kisha huifanyia marekebisho madogo ili iwafae wanamichezo kwa wiki chache. Ukuta mwepesi unaweza kugawa sebule iwe vyumba viwili vya kulala. Mashindano yakiisha, ukuta huo huondolewa, jikoni hufungwa na familia huingia.

London ilifanya hivyo kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Kijiji kilijengwa Stratford, mashariki mwa jiji, karibu na stesheni kubwa ya treni. Wanamichezo walilala katika nyumba ambazo hazikuwa na jikoni. Baada ya mashindano jikoni ziliwekwa, na mtaa huo wenye nyumba 2,818 ukapewa jina la East Village. Karibu nusu ya nyumba hizo zilitengewa wakazi wa kipato cha chini na cha wastani, na nyingine zikakodishwa kwa bei ya soko. Hata hivyo, katika jiji ambalo kodi ni ya juu, neno "nafuu" halikumaanisha kwamba kila mkazi wa zamani wa eneo hilo angeweza kumudu.

London haikuishia kwenye nyumba. Kliniki iliyowahudumia wanamichezo ikawa kituo cha afya cha mtaa. Jengo lililotumiwa na wasimamizi wa kijiji likawa shule, Chobham Academy, iliyofunguliwa 2013. Familia zilipohamia, zilipata daktari, mwalimu na treni zikiwa tayari karibu nao.

Glasgow, jiji la Scotland lililoandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2014, lilifuata njia hiyo kwa kiwango kidogo. Kijiji cha Dalmarnock kilikuwa na nyumba 700. Kati ya hizo, 400 zilipangishwa kwa wakazi wanaohitaji makazi ya bei nafuu na 300 zikauzwa. Palijengwa pia makao ya kuwatunza wazee yenye vitanda 120. Mgawanyo huo ulijulikana tangu mwanzo.

Njia nyingine ni kutumia mabweni ya vyuo vikuu. Atlanta, Marekani, iliwalaza wanamichezo wa Olimpiki ya 1996 katika mabweni ya chuo cha Georgia Tech, yakiwemo mapya yaliyojengwa kwa ajili hiyo, na wanafunzi wameendelea kuyatumia. Mjini Munich, Ujerumani, sehemu ya kijiji cha Olimpiki ya 1972 hadi leo ni makazi ya wanafunzi.

Kenya nayo imewahi kupita njia hii. Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa vijana wasiozidi miaka 18 yalipofanyika Kasarani Julai 2017, wanamichezo walilala katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilomita chache kutoka uwanjani kando ya Barabara Kuu ya Thika. Vitanda hivyo havikuhitaji kutafutiwa wenyewe baada ya mashindano. Wanafunzi walikuwepo.

Bwawa moja, uwanja mmoja, maamuzi mawili

Hakuna mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko majengo mawili yaliyosimama jirani katika bustani moja ya Olimpiki ya London.

La kwanza ni bwawa la kuogelea. Wakati wa mashindano, bwawa hilo lilihitaji viti takriban 17,500. Wapangaji walijua kwamba siku ya kawaida mtaa hauhitaji viti vingi hivyo. Wakajenga jengo la kudumu la kiasi, kisha wakaongeza mabawa mawili ya muda yaliyojaa viti kila upande. Mashindano yalipoisha, mabawa yaling'olewa na viti 2,500 vikabaki. Mnamo Machi 2014 umma ulifunguliwa mlango, na ada ya kuogelea ikapangwa ilingane na ya mabwawa mengine ya mtaa. Watoto wa shule hujifunza kuogelea mahali ambapo medali zilishindaniwa.

La pili ni uwanja mkuu. Huo ulijengwa kwa watazamaji 80,000, na mpango wa awali ulikuwa kuupunguza hadi viti 25,000 vya riadha. Baadaye mpango ukabadilika, ikaamuliwa kwamba klabu ya soka iutumie. Lakini uwanja haukuwa umechorwa kwa ajili ya soka. Paa lilihitaji kupanuliwa, na viti vikahitaji mitambo ya kuvisogeza mbele na nyuma ili kupisha njia za kukimbilia. Marekebisho hayo yaligharimu takriban pauni milioni 323 kabla ya klabu ya West Ham kuhamia mwaka 2016. Tangu hapo, kodi inayolipwa na klabu haijatosha kufidia gharama za uendeshaji, na pengo hilo huzibwa kwa fedha za umma.

Majengo hayo mawili yalijengwa na jiji moja, kwa mashindano yale yale. Tofauti yake kuu ni siku uamuzi ulipofanywa. Kwa bwawa, swali la "nani atatumia baadaye" lilijibiwa kabla ya msingi kuchimbwa. Kwa uwanja, jibu la mwisho lilikuja baada ya saruji kukauka, na marekebisho yakawa ghali.

Pale mambo yalipokwama

Athens, mji mkuu wa Ugiriki, uliandaa Olimpiki ya 2004. Kijiji cha wanamichezo kilijengwa kaskazini mwa jiji, karibu na Mlima Parnitha, kikiwa na nyumba 2,292. Nyumba hizo zilipewa wafanyakazi wa kipato cha chini kwa kupigiwa kura ya bahati nasibu, kupitia shirika la umma la makazi ya wafanyakazi. Kufikia hapo mpango ulikuwa mzuri, na familia zilipata paa.

Tatizo lilikuwa yale yanayoizunguka nyumba. Mtaa ulikuwa mbali na katikati ya jiji, na huduma zilizoahidiwa zilichelewa au hazikufika. Uchumi wa nchi ulipoporomoka, lile shirika la makazi lilivunjwa mwaka 2012, na ajira zikawa adimu. Viwanja kadhaa vya michezo ambayo Wagiriki wachache huicheza, kama vile softiboli na mbio za mitumbwi, viliachwa viote magugu.

Rio de Janeiro, Brazil, ilikuwa na tatizo la aina nyingine mwaka 2016. Kijiji chake kilikuwa na majengo marefu 31 yenye fleti 3,604, zilizojengwa na kampuni binafsi kwa nia ya kuwauzia matajiri. Uchumi uliyumba na wanunuzi wakakosekana, hivyo fleti nyingi zilibaki tupu kwa miaka. Uwanja wa mpira wa mikono katika jiji hilo ulikuwa umechorwa ili ubomolewe na vipande vyake vijenge shule nne. Wazo lilikuwa zuri na michoro ilikuwepo, lakini kazi ilicheleweshwa kwa miaka kadhaa kabla ya vipande hivyo kugeuzwa madarasa. Mpango usio na bajeti wala tarehe hubaki kwenye karatasi.

Birmingham, Uingereza, ilijenga nyumba katika eneo la Perry Barr kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2022. Janga la korona lilichelewesha ujenzi, na wanamichezo hawakulala humo hata usiku mmoja. Walipelekwa katika vyuo vikuu na hoteli. Baraza la jiji, ambalo ni serikali ya mtaa kama zilivyo kaunti zetu, lilibaki na nyumba za kuuza kwa bei isiyofikia gharama ya ujenzi.

Subira nayo ina nafasi yake. Kijiji cha Munich kilipata shida ya wanunuzi katika miaka ya kwanza. Lakini kilikuwa na treni ya chini ya ardhi, bustani na bwawa la umma, na kwa muda kikawa mtaa unaopendwa. Nyumba iliyo karibu na usafiri na huduma huweza kungoja wenyewe. Iliyo mbali na kila kitu huchakaa kabla hawajafika.

Nairobi tangu 1987

Nairobi haianzi safari hii leo. Kituo cha Michezo cha Kasarani kilijengwa kwa ajili ya Michezo ya Nne ya Afrika Nzima, iliyofanyika Agosti 1987. Pamoja na uwanja mkuu, palijengwa ukumbi wa michezo ya ndani, bwawa la kuogelea na hoteli.

Kasarani haikuachwa itupu. Imetumika kwa ligi, riadha, mikutano ya dini na kuapishwa kwa marais. Papa Francis alikutana na vijana hapo Novemba 2015. Mashindano ya dunia ya vijana yalifanyika mara mbili, mwaka 2017 na Agosti 2021. Kwa kipimo cha matumizi, uwanja huo umefanya kazi.

Kipimo kingine ni matunzo, na hapo somo limekuwa chungu. Juni 2024, Harambee Stars walicheza mechi zao mbili za "nyumbani" za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Côte d'Ivoire, nchini Malawi. Septemba mwaka huo walicheza nyingine Kampala. Wakati huo viwanja vya Kasarani na Nyayo vilikuwa katika ukarabati na havikuwa vimetimiza masharti ya CAF. Mashabiki walikosa timu yao, na wauzaji wa jezi, chakula na vinywaji walikosa siku za kazi.

Kabla ya hapo, Kenya ilikuwa imepokonywa uandalizi wa AFCON ya 1996 na CHAN ya 2018 kwa sababu ya maandalizi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: ukarabati mkubwa unaofanywa kwa haraka kila mashindano yanapokaribia huwa ghali kuliko matunzo madogo ya kila mwaka.

Gharama isiyoonekana siku ya ufunguzi

Siku ya kukata utepe, kila mtu huona viti vipya na nyasi za kijani. Gharama inayofuata haionekani. Nyasi zinahitaji maji, mbolea na mapumziko kati ya mechi. Taa hula umeme. Vyoo vinavyotumiwa na maelfu ya watu kwa saa tatu huziba. Bwawa linahitaji dawa na pampu hata siku ambayo hakuna anayeogelea. Paa, nyaya na milango ya dharura huhitaji kukaguliwa. Walinzi na wafagiaji hulipwa kila mwezi, mechi iwepo isiwepo.

Timu hucheza nyumbani siku chache tu kwa mwaka. Kwa hivyo uwanja mkubwa hauwezi kujitegemea kwa tiketi za mechi pekee. Cape Town, Afrika Kusini, ililijua hilo baada ya Kombe la Dunia la 2010. Uwanja wake mpya uliendeshwa kwa hasara kwa miaka mingi, huku timu ya raga ya jimbo ikiendelea kutumia uwanja wake wa zamani. Ni mwaka 2021 ambapo timu hiyo ilihamia, miaka 11 baada ya Kombe la Dunia.

Viwanja vinavyoweza kujitegemea huwa na shughuli za kila siku: ofisi za kukodisha chini ya majukwaa, ukumbi wa mikutano, chumba cha mazoezi, maduka yanayotazama barabara, na ratiba ya shule na timu za mtaani asubuhi na jioni. Ndiyo sababu Paris, kwa Olimpiki ya 2024, ilitumia karibu asilimia 95 ya viwanja vilivyokuwepo tayari au vya muda, na ikajenga vichache vya kudumu. Bwawa jipya la Olimpiki liliwekwa Saint-Denis, kitongoji ambacho watoto wengi walikuwa hawajui kuogelea.

Nani anawajibika kwa nini?

Wakazi wengi hupeleka malalamiko ya Kasarani au Nyayo katika ofisi za kaunti. Viwanja hivyo viwili viko chini ya Sports Kenya, shirika la serikali ya kitaifa lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Uwanja wa Talanta pia ni mradi wa serikali ya kitaifa, na zaidi ya Sh44 bilioni za kuujenga zilikusanywa kwa mkopo kupitia hati fungani. Mkopo huo utaendelea kulipwa kwa miaka mingi baada ya AFCON.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la vifaa vya michezo na utamaduni katika ngazi ya kaunti, pamoja na bustani na sehemu za burudani. Hapo ndipo viwanja kama Joe Kadenge, uliojulikana kwa miaka mingi kama City Stadium, vinapoingia. Kaunti pia hupanga matumizi ya ardhi, barabara za kaunti, masoko, taka na leseni za biashara kuzunguka kila uwanja, hata ule wa kitaifa. Mama anayeuza chapati karibu na lango la uwanja anaihitaji kaunti siku ya mechi na siku isiyo na mechi.

Maswali ya kuuliza kabla ya msingi kuchimbwa

Mkazi si lazima awe mhandisi ili aupime mradi. Maswali yafuatayo yanatosha kuanza:

1. Siku ya Jumanne ya kawaida, miaka mitatu baada ya mashindano, nani atakuwa ndani ya jengo hili?

2. Mmiliki ni nani, na hati ya ardhi ina jina la nani?

3. Gharama ya matunzo kwa mwaka ni kiasi gani, na imeandikwa katika bajeti ya nani?

4. Sehemu gani ni za muda, zitaondolewa lini, na zitapelekwa wapi?

5. Kama ni nyumba, zitatolewa kwa nani, kwa utaratibu gani na kwa bei gani? Waliohamishwa ili kupisha ujenzi wana nafasi?

6. Maji, maji taka, matatu, shule na kliniki vitakuwepo siku ya kwanza, au vimeahidiwa tu?

7. Shule, timu za wadi na watu wenye ulemavu watautumia uwanja kwa saa zipi na kwa ada gani?

Lini na wapi pa kuuliza

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga kalenda ambayo kila mkazi anaweza kuifuata. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Huo ndio wakati wa kuona kama mradi umeorodheshwa. Taarifa ya Sera ya Fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, na hapo ndipo viwango vya fedha kwa kila idara hupendekezwa. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30, na bajeti hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kwisha Juni 30.

Katika kila hatua, umma una haki ya kutoa maoni, kwa mdomo katika vikao vya wadi au kwa maandishi kwa karani wa Bunge la Kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kupata taarifa zinazohusu mipango hiyo kwa wakati. Vikundi vya vijana, vilabu vya mitaani, vyama vya wazazi na makundi ya watu wenye ulemavu vinaweza kuwasilisha maoni kwa pamoja.

Maoni yenye nguvu ni yale yanayotaja jambo mahususi. Badala ya kusema "tunataka uwanja", klabu inaweza kuandika ina timu ngapi, zinafanya mazoezi siku zipi, zinaweza kulipa ada gani, na ni shule zipi jirani zisizo na kiwanja. Maelezo kama hayo humsaidia mchoraji kujua kama mtaa unahitaji viti 20,000, au viti 2,000 pamoja na nyasi nzuri, vyoo vinavyofanya kazi na taa za jioni. Yakifika kabla ya zabuni kutangazwa, kubadilisha mchoro bado ni rahisi.